Kasoro Inayojulikana Ina Bei Yake

Mwaka 2011 uliwakuta wafanyabiashara wadogo wa Shinyanga na Geita katikati ya mambo mawili yasiyopatana. Fedha ilikuwepo. Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 1,800 kwa wakia kati ya Agosti na Septemba, na waliobahatika Nyarugusu, Katoro au Kakola walitaka kuiweka fedha hiyo kwenye kitu kisichotegemea mwamba: stashonari, duka la kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, ofisi ya kununulia dhahabu yenye mizani na kompyuta mezani. Umeme haukuwepo. Mgawo ulikuwa mkali nchi nzima, hata mwezi Julai bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikakwama bungeni na kuahirishwa. Geita yenyewe ilikuwa bado wilaya ya Mwanza, haijawa mkoa, na Kahama ilikuwa mji wa maduka ambako spea ya kompyuta ilingojwa ije na basi. Ndani ya mwaka huohuo kampuni ya Intel ilitangaza kwamba mazabodi za kizazi chake kipya zimetoka kiwandani na kasoro. Wanaoishi kwa kununua, kuunganisha na kutengeneza kompyuta wakajikuta na swali ambalo halijaisha mpaka leo: mazabodi ambayo mtengenezaji mwenyewe amekiri kuwa ina ubovu, inanunulika?

Jibu jepesi ni hapana, na wengi hulitoa kabla hujamaliza kuuliza. Mimi nimekuja kuliona kuwa jibu lisilo sahihi, ingawa linatokana na tahadhari njema. Kasoro inayojulikana vizuri, yaani iliko, inavyokwenda na inavyojidhihirisha, ni gharama kama gharama nyingine, na gharama huingizwa kwenye hesabu. Lakini jibu la ndiyo lina sharti, na sharti hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa: ujuzi wa kasoro lazima ufuatane na kifaa kila kinapohama mikono. Siku kifaa kinapobaki na ubovu wake huku taarifa zake zimepotea, ile gharama iliyokuwa inahesabika inageuka kuwa mtego, na anayenaswa ni yule ambaye hakuwepo wakati wa kupunguziwa bei.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilisema kwamba chipuseti yake ya mfululizo wa 6, iliyoitwa Cougar Point na iliyokuwa moyo wa mazabodi za P67 na H67, ina hitilafu kwenye poti za SATA, zile zinazounganisha diski na deki ya DVD. Mazabodi hizo zilikuwa zimeanza kwenda kwa wateja tarehe 9 mwezi huohuo, wiki tatu tu nyuma. Chipuseti hiyo ilikuwa na poti sita. Mbili za kwanza, namba 0 na 1, zilikuwa za kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde, nazo zilikuwa salama kabisa. Nne zilizobaki, za kasi ya gigabiti 3, zilitegemea mzunguko wa saa ambao ndani yake kulikuwa na transista moja iliyokuwa ikipewa volteji kubwa kuliko ilivyostahili. Umeme ulivuja humo kidogo kidogo, na kadiri miezi ilivyopita mawasiliano ya poti hizo yangeanza kuwa na makosa, diski ikarudia kusoma kilekile, kasi ikashuka, na mwisho diski isionekane kabisa. Makadirio yaliyotolewa wakati ule yalikuwa kwamba takriban asilimia 5 ya mazabodi zingeonyesha tatizo ndani ya miaka 3. Diski yenyewe haikuharibika wala vilivyomo havikufutika. Ukiihamishia poti namba 0 au 1, kazi inaendelea.

Kampuni ilikadiria kutumia dola milioni 700 kutengeneza na kubadilisha bidhaa hizo, na kupoteza mauzo ya takriban dola milioni 300 katika robo ile ya mwaka. Hapo mtu atasema: kama ubovu ulikuwa mdogo hivyo, mbona fedha zote hizo? Jibu linaanzia kwenye hatua iliyofuata, iliyoonyesha kwamba udogo huo ulitegemea mtumiaji. Tarehe 7 Februari, wiki moja tu baada ya tangazo, Intel ilianza tena kuwauzia chipuseti hiyohiyo yenye kasoro watengenezaji waliokubali kuitumia kwenye mashine zisizohitaji zile poti nne, mfano kompyuta mpakato zenye diski moja na deki moja. Huku ikiandaa toleo lililorekebishwa, ambalo watengenezaji wa mazabodi walilitambulisha kwa alama ya B3 kwenye maboksi, haikuona sababu ya kulitupa lote toleo la B2, yaani lile la kwanza lenye kasoro. Kumbe chipu ilikuwa ileile, na kilichoamua kama ni mbovu au nzima kilikuwa matumizi. Kwa mwenye diski moja kasoro hiyo haikuwepo kivitendo; kwa mwenye diski nne ilikuwepo, na ilikuwa inamngoja.

Lete sasa mgawanyo huo kwenye ukanda wetu. Stashonari ya Shinyanga mjini inayochapa barua, kutoa kopi na kuwajazia wanafunzi maombi ya mikopo kwenye mtandao inahitaji diski moja. Ikiwa na deki ya DVD, poti salama ziko mbili na vifaa viko viwili, hesabu imekwisha. Hata kama mtu angelazimika kutumia poti ya tatu, angeweza kuweka deki huko na diski akaiacha mahali salama, kwa sababu deki ikigoma hasara ni kero ya saa moja, na diski ikigoma ni kazi ya mteja aliye mlangoni. Duka la nyimbo na filamu la Katoro lina sura nyingine. Mtaji wake wote uko kwenye diski: muziki kwenye moja, filamu za Kinigeria kwenye nyingine, zilizotafsiriwa Kiswahili kwenye ya tatu, na deki tatu za kunakilia zinazozunguka mchana kutwa. Huyu anajaza poti zote, na poti nne kati ya hizo ndizo zenye mashaka. Mtambo wa kuchenjulia dhahabu wenye kamera za usalama zinazorekodi usiku na mchana kwenye diski kadhaa uko karibu zaidi na duka la nyimbo kuliko na stashonari. Ushauri mmoja kwa wote watatu, uwe wa kununua au wa kukataa, utamkosea angalau mmoja wao.

Hapa ndipo mtu anapopaswa kuchukua kalamu, na hesabu yenyewe haihitaji elimu ya juu. Tuseme mazabodi nzima inauzwa shilingi 200,000 na yenye kasoro 150,000, punguzo likiwa 50,000. Tuseme pia kwamba ikiharibika, mwenye duka atanunua nyingine nzima kwa 200,000, atatumia 50,000 kuifuata au kuituma, na atafunga siku tano kwa hasara ya 60,000 kila siku. Jumla ni 550,000. Asilimia 5 ya kiasi hicho ni 27,500, pungufu ya lile punguzo. Kwa makadirio hayo, anayeinunua yenye kasoro anafanya biashara yenye akili, hata kama hatachukua hatua yoyote ya kuepuka poti mbovu. Akizikwepa, hatari hiyo ya ziada inaondoka na punguzo lote linabaki mfukoni. Kwa mwenye duka la nyimbo ambaye siku moja ya kufunga inamgharimu 150,000, jumla ya hasara inafika 1,000,000, na asilimia 5 yake ni 50,000 kamili. Punguzo limeliwa lote kabla hajawasha mashine, na hana pa kukimbilia kwa kuwa poti zake zote zina kazi. Faida ya kuandika hesabu namna hii si kupata jibu la uhakika, maana tarakimu ni za kukadiria. Faida ni kwamba inaonyesha unachopaswa kuuliza: siku zangu za kufunga ni ngapi, na kila moja inanigharimu nini?

Pingamizi la kwanza lina uzito, nalo linatoka kwa mafundi wenyewe. Asilimia 5, wanasema, ni ya watu wenye viyoyozi na umeme uliotulia. Transista inayovuja huchoka haraka zaidi kwenye joto na kwenye volteji isiyo thabiti, na Shinyanga inavyo vyote: joto la mchana, vumbi linaloziba feni tangu Juni mpaka mvua za kwanza, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na radi za Kanda ya Ziwa ambazo ni miongoni mwa nyingi zaidi duniani. Nakubaliana nao. Mtu akiongeza makadirio mara tatu, yakawa asilimia 15, hasara inayotarajiwa ya stashonari yetu inapanda hadi 82,500, na punguzo la 50,000 halitoshi tena. Jibu limepinduka bila chipu kubadilika hata kidogo. Lakini tuangalie pingamizi hili linathibitisha nini. Halisemi kwamba kasoro haihesabiki. Linasema kwamba tarakimu ya maabara inapaswa kupimwa upya kwa mahali inapokwenda kutumika, na hilo ndilo hasa ninalosema. Kwa mfano wetu mpaka uko kwenye asilimia 9 hivi: chini ya hapo nunua, juu ya hapo acha au dai punguzo kubwa zaidi. Na kwa anayetumia poti 0 na 1 peke yake, joto la Shinyanga halina la kuongeza kwenye kasoro hii, kwa sababu poti zinazochakaa hazina diski.

Joto na umeme vinaleta somo jingine ambalo wapinzani wa mazabodi yenye kasoro hawalitaji. Katika ukanda huu mazabodi nyingi hazifi kwa makosa ya kiwandani. Zinakufa kwa pawa saplai ya bei ya chini, kwa jengo lisilo na waya wa ardhini, kwa jenereta ya mgodini inayopanda na kushuka, kwa vumbi lililogandamana juu ya prosesa. Mwenye shilingi 50,000 za ziada ana njia mbili za kuzitumia. Anaweza kuzimaliza kwenye toleo lisilo na kasoro, akakwepa hatari ndogo iliyotangazwa, au akazipeleka kwenye kidhibiti umeme na pawa saplai nzuri, akakwepa hatari kubwa ambayo haikutangazwa na mtu yeyote. Tangazo la kampuni lina nguvu ya ajabu ya kuvuta macho kwenye dosari moja yenye jina na tarehe, wakati zile zisizo na jina zinaendelea na kazi yake. Uamuzi mzuri huziweka zote kwenye mizani moja.

Pingamizi la pili ni la waranti. Kwa nini mtu ahangaike na hesabu wakati kampuni imeahidi kubadilisha? Arudishe tu. Ahadi ile ilikuwa ya kweli na ilitekelezwa, lakini ilipita kwenye mnyororo: mtengenezaji, msambazaji, duka, risiti, mnunuzi. Mnyororo huo ulikuwa mfupi kwa mtu wa London. Kwa mtu wa Kahama, mazabodi ilikuwa imetoka Dubai kwenye mzigo wa mfanyabiashara wa Kariakoo, ikauzwa na mwingine Mwanza, ikafungwa ndani ya kasha na fundi, na risiti, kama ilikuwepo, ilisomeka "kompyuta 1". Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni kilomita elfu moja hivi. Waranti iliyoko mwisho wa safari hiyo ina thamani, ila thamani yake ni ile inayobaki baada ya kutoa nauli, siku za kungoja na uwezekano wa kuambiwa uje kesho. Ndiyo maana kwenye hesabu ya mnunuzi wa huku waranti haifuti hasara, inaipunguza kidogo. Na ndiyo maana njia ya kuepuka tatizo kwa mikono yako mwenyewe, kama kuhamisha waya wa diski kutoka poti moja kwenda nyingine, ina thamani kubwa Geita kuliko California. Haimngoji mtu mwingine atimize ahadi.

Pingamizi la tatu ni la msimamo: kwa nini kununua kibovu wakati vizima vipo? Linadhani kwamba mazabodi isiyo na tangazo haina kasoro. Watengenezaji wa prosesa na chipuseti huchapisha wenyewe orodha ndefu za dosari za bidhaa zao, na nyingi hazirekebishwi kamwe, zinatafutiwa tu njia ya kuzikwepa. Kizima tunachokiona dukani ni kifaa ambacho kasoro zake hazijatugusa. Watu wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa namna ya kununua kitu kisicho kamili kwa bei inayofaa, kwa sababu biashara ya marudio ndiyo hiyo. Mchimbaji mdogo akishaosha mchanga wake na kukamata dhahabu kwa zebaki, anajua kwamba sehemu kubwa imebaki kwenye marudio. Mwenye mtambo wa sayanaidi huja, akachukua sampo, akapima, akataja bei. Hakuna anayemwita mjinga kwa kununua udongo ambao mwenzake ameshautoa dhahabu, kwa sababu ananunua kipimo. Asiyepima ndiye mjinga, na anayeuza marudio yaliyochanganywa na udongo mtupu ndiye tapeli. Mazabodi ya B2 iliyouzwa kwa jina lake na kwa punguzo ilikuwa marudio yenye sampo.

Kuna kasoro, hata hivyo, ambazo hakuna punguzo linaloweza kuzifidia, na ni muhimu kuzitenga zisije zikajificha nyuma ya hoja hii. Ya kwanza ni ile isiyo na mipaka ya mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mazabodi za watengenezaji wengi zilikuja na kapasita zilizovimba na kuvuja. Kompyuta za Dell OptiPlex ni mfano unaojulikana sana, na ni mashine ambazo kila ofisi ya Tanzania iliyonunua mitumba imewahi kuziona. Nyaraka za kesi dhidi ya Dell zilizowekwa wazi mwaka 2010 zilionyesha kwamba angalau mashine milioni 11.8 zilizouzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zilikuwa hatarini. Kapasita iliyovuja haikuachii poti mbili salama za kuhamia. Inauyumbisha umeme wa mazabodi nzima, leo inazima, kesho inawaka, keshokutwa inaharibu faili. Ya pili ni kasoro ya kimya. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya bila kutoa onyo lolote: 4,195,835 kugawanya kwa 3,145,727 ilileta 1.33374 badala ya 1.33382. Kosa lilikuwa la nadra sana. Lakini mnunuzi wa dhahabu anayekokotoa usafi na uzito hawezi kuishi na mashine inayodanganya kwa utulivu, hata mara moja kwa miaka mingi, kwa kuwa hatajua ni mara ipi. Poti ya SATA inayokufa angalau inapiga kelele.

Ya tatu ni mpya zaidi, na inawahusu wanaonunua leo. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volteji ya juu kupita kiasi na hivyo kuharibika taratibu. Agosti mwaka huo ilitoa maikrokodi ya marekebisho na kuongeza waranti kwa miaka 2. Ukilinganisha na mwaka 2011 utaona kufanana: volteji iliyozidi, uchakavu wa polepole, kampuni iliyokiri. Tofauti ndiyo yenye somo. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Prosesa ya aina hiyo iliyotumika haina alama ya nje inayoonyesha iliendeshwa muda gani kabla ya kurekebishwa. Kasoro ya aina yake inajulikana, ya ile iliyo mezani haijulikani. Mpya kutoka kwenye boksi, iliyofungwa kwenye mazabodi yenye BIOS iliyosasishwa, inaweza kuingia kwenye hesabu. Ya mtumba isiyo na historia, hapana, kwa sababu punguzo litapangwa kwa kitu ambacho si muuzaji wala mnunuzi anayeweza kukipima. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Pingamizi la mwisho ni la haki, na nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Hoja kama yangu, wanasema, inawafundisha maskini kuridhika na makombo: wakubwa wanachukua toleo lililorekebishwa, na lililokataliwa linatafutiwa falsafa ya kuliuza vijijini. Ingekuwa hivyo kama ningesema kasoro ni jambo dogo. Ninachosema ni kwamba kasoro ni deni la muuzaji kwa mnunuzi, na deni hilo hulipwa kwa njia mbili: taarifa na punguzo. Dhuluma inayofanyika katika soko letu haiko kwenye kuuza B2 kwa bei ya B2. Iko kwenye kuuza B2 kwa bei ya B3, au kuuza kompyuta ya mtumba ambayo hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Nyaraka zilezile za kesi ya Dell zilionyesha wafanyakazi wakielekezwa kutowaeleza wateja tatizo wazi, na hapo ndipo kosa la kiufundi lilipogeuka kuwa kosa la kimaadili. Intel ya 1994 ilianza kwa kutaka kubadilishia wale tu waliothibitisha kwamba wanahitaji hesabu sahihi, ikalaumiwa vikali, na Desemba ikakubali kumbadilishia yeyote aliyetaka. Gharama ilikuwa dola milioni 475. Intel ya 2011 ilisema mapema. Vifaa vyote hivyo vilikuwa na ubovu. Kilichotofautiana ni nani aliyeachwa gizani.

Na giza hilo huzaliwa upya kila kifaa kinapouzwa tena. Fundi wa Shinyanga aliyefunga mazabodi ya B2 kwa uangalifu, diski ikiwa poti namba 0, amemtumikia vyema mteja wake wa kwanza. Miaka michache baadaye mteja huyo anauza kompyuta kwa shule, shule inamwita fundi mwingine aongeze diski, naye anachomeka pale penye nafasi, yaani kwenye poti mbovu. Hakuna aliyekosea katika mnyororo huo, na bado hasara imefika kwa asiyehusika. Dawa yake haina gharama: ziba poti nne kwa solatepu, andika kwa maka peni upande wa ndani wa kasha kwamba mazabodi ni B2 na diski zikae kwenye poti 0 na 1 peke yake. Maandishi hayo yatadumu kuliko kumbukumbu ya yeyote aliyehusika na mauzo ya kwanza. Sheria zetu hazitoshi kuchukua nafasi yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini kanuni ya zamani ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi kutoka Uingereza inasema pia kwamba mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuifichua. Ukishaijua kasoro, mzigo umehamia begani kwako. Ni haki basi bei nayo ihame.

Kutokana na hayo yote, uamuzi wa kununua mazabodi yenye kasoro unaweza kuanza kwa jambo moja ambalo halihitaji utaalamu wa transista. Mwombe muuzaji aandike kasoro hiyo kwenye risiti: aina ya chipuseti, toleo lake, na poti zisizotumika. Akiandika, mna kitu cha kujadiliana, na kilichobaki ni kulinganisha punguzo na siku zako za kufunga. Akikataa kuandika huku akisisitiza kwamba tatizo ni dogo, basi amekujibu. Tatizo dogo kweli haliogopi wino, na punguzo lisiloambatana na maandishi ni bei ya kununua kimya chako.